Sura Mbili za Kungojea Moshi

Shija, rafiki yangu,

Mwangaluka. Kama huko uliko wanaruhusu wivu, anza kuona wivu, maana Kanda ya Ziwa nzima hakuna mtu mwenye bahati kama mimi. Kitabu chako nimekipata. Kile kile kisicho na jalada, cha binti aliyeshuka treni kituo sicho. Kilikuwa sokoni Nyasubi, chini ya lundo la vitabu vya mitihani. Muuzaji aliniuliza ni cha darasa la ngapi, nikamwambia ni cha watu wanaongoja moshi. Akanitazama kama mgonjwa. Unanijua mimi. Nimechimba Mererani, nimechimba Chunya, nimevuka mpaka wa Zambia kwa viatu vya mtu mwingine, na sijawahi kurudi mikono mitupu. Sasa nakisoma kila siku, na watu wananikalia kimya kama walivyokukalia wewe.

Hiyo ndiyo habari njema. Zilizobaki ngoja nizipange.

Duara letu, lile shimo la dhahabu, lilifungwa wiki ile ile uliyokufa, tukatawanyika. Mimi nipo Kahama, napakia mpunga kwenye mashine moja hapa Nyahanga, si mbali na kwako. Wenzangu nawaambia napita tu. Mgongo hauamini.

Mama anayetuuzia maandazi anayafungia kwa kurasa za vitabu vya zamani. Nikishakula naikunjua ile karatasi, nasoma kipande kilichosalimika na mafuta, herufi kwa herufi, mdomo ukicheza. Juzi mpakiaji mmoja akaniuliza mtu mzima kama mimi natafuta cheti gani. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukitujibu sisi: "Nasoma tu."

Unakumbuka tulivyokucheka siku uliyofika kambini? Ulikuja na kiroba kizito, tukadhani ni dagaa, tukakupokea kwa furaha zote. Kumbe vitabu. Tukakubandika jina la Profesa, na haikuwa heshima. Kwangu mimi niliyeishia darasa la tano, kitabu kilikuwa kitu chenye fimbo nyuma yake. Sikujua kuna mtu anakifungua kwa hiari yake mwenyewe, halafu anacheka peke yake. Niliwaambia wenzetu malaria imekupanda kichwani.

Ni moshi uliotubadilisha. Baruti ikishalipuka hakuna ruhusa ya kushuka mpaka moshi utoke wote, na kungoja kule ndiko kulikotushinda. Watu walishuka kabla ya wakati kwa sababu tu wamechoka kukaa. Ukaanza kutusomea. Taratibu, bila mtu kupanga, kusoma kwako kukawa ndiyo saa yetu: baruti ndogo sura moja, baruti kubwa sura mbili. Mshika kamba hakumteremsha mtu mpaka ufunge kitabu. Na tulivyogombana juu ya yule binti, utadhani ni dada yetu wa tumbo moja. Mimi nilisema arudi kwao, mshika kamba akasema hapo hapo aliposhuka ndipo maisha yake yalipo. Mara ya mwisho tulimwacha mlangoni kwa watu asiowajua, kainua mkono apige hodi.

Sasa nisikilize. Hapa nimeweka kalamu chini mara tatu.

Ulikuwa umekuja nyumbani kuwaona wako, kiroba umekiacha kambini. Duara lilikuwa halitoi kitu, na wenzetu wakaenda kwa mganga. Akawaambia kuna sauti mdomoni mwa duara, inaamsha mawe, na mali inahama. Wote tukakitazama kiroba chako. Hakuna aliyekuwa na uso wa kukuambia. Nikajipiga kifua, nikasema niachieni mimi, mimi nimeona mengi. Nikakitoa kile kitabu, nikakitia kwenye moto wa ugali.

Mimi, Shija. Kilichelewa kushika. Nilikigeuza kwa mwiko.

Nikajifariji kwamba nitakununulia kingine mjini, tena chenye jalada.

Ukarudi. Asubuhi tukapiga baruti kubwa, tukakaa kukungoja. Ukaingiza mkono kirobani, ukatoa shati, ukatoa tochi, ukatoa vitabu vingine vyote, kile hakipo. Ukauliza nani amekiona. Wote wakanigeukia mimi, na mimi badala ya kusema nikatania: "Kimechoka kukaa na wanaume. Kimeenda kutafuta mke." Wakacheka. Na wewe ulicheka, kidogo. Nikakuambia tusomee kingine, ukasema huwezi kumwacha mtu mlangoni.

Ukakaa. Ukasimama. Ukalizunguka duara. Watu wakaanza kubishana kama moshi umetosha, na hakuna aliyejua, kwa sababu hatukuwa na sura ya kupimia. Ukasema: "Ngoja nikauone mwamba. Kukaa hivi siwezi." Mshika kamba akasita. Ni mimi niliyemwambia akuteremshe. Nilitaka utoke mbele ya macho yangu, usinitazame.

Kamba ikalegea, ikabaki hivyo. Tukaita. Tulipokutoa hukuwa na hata mkwaruzo. Hilo ndilo linaloniua, ungevunjika mahali ningepata pa kutazama.

Watu wanasema moshi ndio uliokuua. Ni kweli, ni moshi. Nami naitikia.

Makaburini, watu wamejaa, mkeo Mama Holo alinishika mkono. Nikajua ameshajua. Akaninong'oneza: "Shemeji, yule binti alifunguliwa mlango?" Hukuniambia kwamba kila ukienda nyumbani ulikuwa unamsimulia. Akasema kitabu hakikuwa kwenye vitu vyako, anadhani kimeibiwa kambini. Mdomo wangu hujibu kabla yangu, unaujua. Nikasema ninacho mimi, nimemtunzia.

Tangu hapo kila Jumapili baada ya Misa napita kwako. Namsimulia. Mlango ukafunguliwa na mzee kipofu aliyemwita binti kwa jina lake, na mambo yakaendelea kuanzia hapo. Ananiwekea uji wa karanga, anacheka panapochekesha. Jumapili iliyopita hakucheka. Aliweka kikombe chini akasema, "Leo usinisimulie, shemeji. Niletee chenyewe nisome, nishike pale alipokuwa anashika Baba Holo."

Sasa nimletee nini? Alama za vidole vyako nimezipikia ugali, tukala. Nimefikiria kuhama, nimefikiria kurudi Chunya bila kuaga. Naamka nimeshakasirika na nafsi yangu kabla hata ya kunawa uso. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayefurahi akiniona mlangoni, na nikisema, hilo limekwisha.

Nitasema. Nakuahidi, ndugu yangu, kesho kutwa Jumapili, kabla hajaniwekea uji. Nitamwambia moto, nitamwambia mwiko, nitamwambia ni nani aliyesema akuteremshe. Akinifukuza nitatoka. Akinipiga nitakaa.

Pumzika, Shija. Hapa duniani hapakuwa na mtu aliyenifanya nikae kimya nikafurahi isipokuwa wewe.

Na hicho kitabu cha Nyasubi hakipo. Nimelichambua lile lundo mpaka muuzaji akanifukuza. Yule mzee kipofu nimemtunga mimi, na yote yaliyofuata nimeyatunga. Sikupata kitu. Nimekudanganya hata wewe.