Kikao cha Kwanza cha Mwenyekiti Deo

Laela, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na mvua za huko Songea zimekaa sawa? Sisi tu wazima, baridi tu ya Ufipa inatukunja. Nimeandika kwa sababu simuni ningelia, salio likaisha bure.

Mjukuu wako Deo ni mwenyekiti wa kitongoji! Jivune, mama. Kijiji hiki cha watu wenye nacho, nyumba zote za bati, mahindi hadi yanakosa pa kuwekwa, tangu niolewe kilikuwa cha chama kimoja. Vyama vingine tulivisikia redioni. Shemeji, kaka wa marehemu mume wangu, ndiye alikuwa mwenyekiti, kila uchaguzi anapita bila kupingwa. Deo akachukua fomu ya chama kingine, ashindane na baba yake mkubwa!

Nikapika pombe ya ulezi nikaalika watu shambani, kama kawaida ya huku: wanalima, halafu wanakunywa. Hakuja mtu. Shemeji akapita na jembe begani, anakwenda kulima kwa jirani. "Kunywa na chama chako, shemeji." Wenzake wakacheka. Tukalima wawili, mimi na Deo, mikono ikachubuka.

Siku ya kura Deo akashinda! Nilipiga vigelegele peke yangu, wenzangu wote wanaangalia viatu. Nikajiuliza, sasa nani kampigia? Kesho yake kisimani jirani yangu Mama Sesi akaninong'oneza bila kunitazama, "Kura nilimpa mwanao. Wengi tulimpa. Ila usinisalimie mbele za watu, mbolea bado inapitia kwa shemeji yako." Akajitwisha ndoo, huyo.

Juzi Deo aliitisha kikao. Akapanga mabenchi mwenyewe, shati limenyooka pasi. Watu wote wako uani kwa shemeji, vicheko tunavisikia. Nikamwambia, "Baba, tufunge twende." Akakataa. Akasimama, "Ndugu wananchi." Mwananchi ni mimi na kitenge changu kipya. Akasoma ajenda zote. Kufika kwenye barabara nikanyoosha mkono, nikauliza itachongwa lini. Alinijibu vizuri, mama, huku machozi yanamtoka; shemeji hajawahi kujibu hivyo. Halafu akauliza kama kuna swali lingine.

Msalimie kaka na wanawe, na shangazi yule wa kwaya. Waambie wote Deo ni mwenyekiti. Hayo ya mabenchi baki nayo wewe.

Ni mimi mwanao,
Mama Mwenyekiti