Injini Haikuzimwa

Poli, Meru
6 Juni 1955

Mwanangu Lemburis,

Salamu. Hapa tunaamka salama. Kikohozi chako je, na watoto?

Siku ya kumzika Solomoni wangu, mzee wa kanisa Anaeli alisoma barua ya bwana wenu mbele ya watu wote: eti amepigwa na umeme akafa kwa uzembe wake, alisahau kuzima injini ya umeme. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nilikuwa nimeshika kofia yake.

Tangu ana miaka sita, Solomoni hakugusa kioo cha taa kabla ya kuizima. Alizima, akahesabu hadi kumi, ndipo akakishika. Mtu huyo asahau injini? Wewe ndiye mwangalizi wa injini. Niambie.

Mama yako,
Tabea

Nduruma
20 Juni 1955

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua.

Friji jipya la bwana linataka volti 230, na injini yetu inatoa 110 tu. Katikati kuna transfoma, sanduku la kukuza umeme, alilolifunga Solomoni mwenyewe. Jioni ile friji lilisimama, akaitwa kukaza waya kwenye sanduku.

Mengine, Mama, tumwachie Mungu. Nina watoto watatu, na nyumba tunayolala ni ya bwana. Pokea sukari kidogo.

Mwanao,
Lemburis

Poli
29 Juni 1955

Lemburis,

Natumaini watoto hawajambo. Sukari nimempa jirani.

Ulipovunjika mguu ulilala kwenye kitanda cha Solomoni, yeye akalala chini majuma sita. Sasa unamwachia Mungu kazi ya kusema, na mdomo unao wewe.

Sitaki fidia ya bwana. Nataka barua nyingine, isomwe na Anaeli yuleyule, palepale.

Mama wa Solomoni

Daraja Mbili, Arusha
4 Septemba 1955

Mama,

Shikamoo. Sijui kama utaniitikia.

Solomoni alisema, "Lemburis, zima." Nikanyoosha mkono kwenye injini. Bwana akatokea, kitambaa cha mezani kikiwa bado shingoni. "Wageni wangu wale chakula gizani? Umeme wa hapa ni mdogo, unaogopa nini?"

Solomoni akamjibu, "Ukutani ni mdogo, bwana. Ukitoka kwenye sanduku ni zaidi ya mara mbili."

"Kaza, au nenda kwenu."

Solomoni akanitazama. Nikarudisha mkono.

Hayo nimemwambia Bwana Shauri, afisa wa serikali, nikatia sahihi. Kesho yake tulitolewa kwenye nyumba. Barua ya bwana haijafutwa. Hii nayo isomwe yote, na habari ya mkono wangu.

Mwanao, ukikubali,
Lemburis

Poli
19 Septemba 1955

Mwanangu,

Marahaba. Watoto wamepata pa kulala?

Anaeli aliisoma jana baada ya ibada. Alipofika penye mkono wako alitaka kuruka, nikamwambia asome. Sitakuficha, nilikukasirikia, na bado sijamaliza. Bwana wenu ndiye nimemkasirikia zaidi: alikula chakula chake kwenye mwanga, kisha akaketi akaandika uongo.

Lakini Anaeli aliposoma lile neno "zima", Hanna, shangazi yake Solomoni, alisema kwa sauti, "Huyo ndiye Solomoni." Watu wakainua vichwa.

Kitanda kipo. Walete watoto, ndizi zimekomaa.

Leo nimesafisha kioo cha taa. Nilizima kwanza, nikahesabu hadi kumi.

Mama yako,
Tabea