Wajapani Nilowasoma Sokoni

Ijumaa, mwezi wa Shaabani

Hata sasa uso unaniwaka.

Baada ya sala nilikaa jamvini pale sokoni Rumonge, nikawasomea watu gazeti lililokuja na mzigo wa Ujiji. Habari zilikuwa tamu. Huko Japani mabwana wa vita wameweka chini panga zao, wamekata mashungi yao ya nywele, na watoto wao wanasoma darasa moja na watoto wa wakulima. Na sasa wamewapiga Warusi, Wazungu kabisa!

Mzee Bukuru, mtu wa mtware, yaani chifu, wa Gatete, akauliza, "Karani, nani aliwaamuru kukata nywele? Iko Muzungu?"

"Hapana, mzee. Mfalme wao mwenyewe."

Watu wakasogea karibu na jamvi, kila mtu na lake moyoni.

Mara askari wa Wadachi akasimama nyuma yangu. "Munasoma nini?"

Nikakumbuka kiboko. Nikasema ni habari za Kaisari wa Ujerumani.

"Soma nisikie."

Nikashika ukurasa uleule wa Wajapani, nikamsomea sifa za Kaisari ambazo hazikuandikwa popote, tena kwa sauti kubwa, mpaka akaenda zake ameridhika.

Mama Zaituni, muuza mawese, alipiga makofi. Bukuru hakupiga. Alilitazama gazeti, akanitazama mimi.

"Na wale Wajapani, karani, nao umewatunga?"

Nikaapa kwa Mungu kwamba ni kweli tupu.

"Ego, ndiyo," akaniitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mlevi.