Swali Nililomuuliza Mwanamke wa Lurujo

Koboko

Mdogo wangu Salma,

Natumaini u mzima na miguu haikusumbui. Huku mvua inanyesha tangu alfajiri.

Leo nimejiaibisha. Tunachunguza kwa nini baadhi ya wanandoa hawapati mtoto, na chumba kilijaa wanawake wenye shida hiyo. Akaingia mmoja kutoka Lurujo, amelowa. Huku mwanamke mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, nami nikataka kumheshimu. Nikamuuliza, "Wewe ni mama nani?"

"Mimi bado hapana iko mama ya mutu, dokta," akasema. "Kama iko na mtoto, mimi nakuja hapa kufanya nini?"

Wenzake wakacheka. Yeye akageuka kuondoka. Nilimfuata mlangoni, nikamwomba radhi mbele ya wote, kisha nikamuuliza jina lake mwenyewe.

"Aisha. Na bwana yangu iko inje, anaogopa. Yeye pia munapima?"

"Naye pia."

"Basi mimi nakaa."

Nilipomtoa damu, nilimwita Aisha.

Jifunike vizuri usiku, na tafadhali usiwasomee wapwa zangu kadi hii.

Kaka yako akupendaye,
Idi