Sayi na Mguu wa Panya

Shigela, nimesikia kicheko cha mchumba wangu Sayi kabla sijafungua mlango wa maabara. Kicheko kile ninachokitungia mashairi!

Nafungua, yuko na Iqbal, mtafiti mwenzake, wameinamia picha ya mguu wa panya. Wa panya, kaka!

Iqbal anamweleza: panya huyu amekosa kimeng'enya fulani, ndiyo maana gegedu lake halikugeuka mfupa vizuri, miguu ikabaki mifupi. Sayi anamtazama kama alivyokuwa akinitazama mimi nikighani. Kwa sababu ya gegedu!

Nikasema nimetoka Ubaruku na shairi jipya. Akajibu, "Subiri kidogo, Kulwa, tumalize kupima huu mfupa." Subiri kidogo! Mimi!

Unajua ninavyoogopa panya. Lakini nimemwambia mbele ya Iqbal: "Sayi, Jumamosi narudi. Panya nitamshika mwenyewe, na wewe ndiye utakayenifundisha."