Motokari yenye Vitanda Katika Lupango Letu

Clarisse mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu, wewe na mume wako. Sisi tuko wazima, na dada yako Mado amejifungua binti.

Unaniuliza kama ni aibu kuomba kuegesha motokari yenu ya kulalia kwa watu msiowajua, kambi za wasafiri zikijaa. Jioni moja wakati wa Zaïre, nikiwa nimeolewa karibuni, motokari yenye vitanda na jiko ndani ilisimama mbele ya lupango letu, yaani kiwanja chetu cha nyumba, hapa Katuba. Bwana na bibi waliotoka Zambia waliomba kulala uani. Babu yako, fundi wa kiwanda cha shaba, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kujenga ukuta wa matofali.

“Mulango iko kidogo,” akasema kwa huzuni. “Haiwezi kuingia.”

“Basi tubomole,” nikamwambia.

“Ukuta yangu?”

“Tutaijenga tena. Bageni balichagula kwetu!”

Akanitazama, akacheka, akaenda kuchukua nyundo. Motokari iliingia huku majirani wakipiga vigelegele. Tulikula bukari, ugali wetu wa hapa, pamoja, na asubuhi mgeni alimsaidia babu yako kujenga upya, wakaacha mlango mpana.

Kwa hiyo pigeni hodi kabla ya giza, mseme mnatoka wapi. Wengine watakataa. Lakini atakayekubali, mtakuwa mmempa heshima. Babu yako mtaa mzima ulimwita Bwana Oteli mpaka uzeeni, naye aliliitikia jina hilo upesi kuliko jina lake mwenyewe.

Nkambo wako,
Mama Honorine