Mkanda wa Bwana Sinkala

Tunduma, Jumapili mchana

Dada yangu Tumpe,

Kabla sijakuamkia nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata kwenye sala nimelizunguka tu: Bwana Sinkala yuko mahabusu kwa sababu yangu.

Sasa shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu? Mahindi mmeshavuna, au bado mnagombana na ngedere? Mimi mwili ni mzima, shida iko kwingine. Usimsomee Mama barua hii kabla hujaimaliza peke yako.

Bwana Sinkala unamkumbuka, yule mpiga filamu niliyekuja naye huko Isongole likizo iliyopita, akampiga Bibi picha akipepeta ulezi. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, hiyo mashine ina njaa? Toka asubuhi inanitazama mdomoni." Mlicheka wote. Mimi sikucheka, maana nilikuwa na kazi nyingine ambayo hukuijua. Ulijua namwandikia barua zake za Kiingereza na kumtafsiria Kindali. Ni kweli. Lakini Baba mdogo, kwa kuwa ndiye balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amenikalisha jikoni kwake hapa Tunduma akaniambia, "Wewe si umesoma lugha mbili? Basi masikio hayo mawili yawe yangu. Mtu anapiga picha reli, anapiga picha mpaka, hana ofisi, hana mwajiri! Makaburu wana watu wao kila mahali."

Nami, unavyonijua, mbele za watu sisemi, ila moyoni sipitwi na kitu. Nikaanza kumchunguza.

Aliniambia zamani alikuwa mwigizaji, katika filamu za Wazungu waliokuja kupiga huku kwetu na upande wa Zambia. Siku zote boi au mpagazi. "Nimekufa mara kumi na moja," alisema, "na zote kabla filamu haijafika nusu. Nikaona bora nitengeneze zangu, nife ninapotaka mwenyewe." Toka hapo ametengeneza zaidi ya ishirini, bila kampuni, bila serikali. Anaandika mwenyewe, anapiga mwenyewe, mwigizaji asipotokea anavaa koti la yule mtu anaigiza. Siku sita filamu imekwisha, maana ya saba watu wanarudi shambani. Ikikosewa, inabaki ilivyokosewa. Kisha anafunga shuka ukutani, kijijini Msangano au Ndalambo, anawasha jenereta, watu wanajiona.

Lakini mtu aliyejifunza kulia machozi ya uongo, utajuaje lini anasema kweli? Siku moja alimlilia afisa mmoja ampe kibali, akamtaja na mama yake mgonjwa. Tulipotoka nje akafuta uso, akaniuliza, "Nililia vizuri? Naona jicho la kushoto lilichelewa." Halafu alikuwa akibadilisha mikanda mikono ikiwa ndani ya mfuko mweusi, kama mtu anayeficha kitu. Niliuona ule mfuko, Dada, nikasema huyu ni jasusi kabisa.

Alikuwa amenionyesha filamu zake za zamani. Ukiunyoosha mkanda dirishani unaona watu wadogo kama sisimizi. Basi siku moja ametoka kutafuta dizeli, kaniachia mkanda wa Isongole kwenye kopo lake niuandikie anwani, upelekwe kusafishwa Dar es Salaam. Nikasema, leo nitajua kama humu mna Bibi au mna reli. Nikafungua kopo. Nikaukunjua mkanda dirishani, jua linawaka, mkono baada ya mkono, ukabaki msokoto mdogo tu wa ndani. Bibi hayumo. Mtu yeyote hayumo. Rangi ya maziwa yaliyochacha tu.

Nikaukunja, nikaupeleka posta, nikamwambia Baba mdogo, "Hamna picha. Anazunguka na mashine tupu."

"Tupu?" akasimama. "Sasa anatafuta nini huku?"

Kesho yake polisi wakaja kumchukua. Wiki tatu sasa.

Juzi imefika barua ya fundi wa Dar es Salaam, kwa Kiingereza. Barua za Bwana Sinkala hupitia sanduku la Baba mdogo, akaifungua, akanipa. "Soma." Nikamtafsiria kwamba mkanda umeungua kwa mwanga. Sentensi iliyofuata nikaimeza. Fundi anasema mkanda ulikuwa umepigwa picha vizuri, ila mtu aliufungua juani kabla haujasafishwa. Kipande cha ndani kabisa kimepona, kuna bibi kizee anapepeta nafaka, anacheka.

"Unaona?" akasema Baba mdogo. "Kauunguza mwenyewe kuficha reli."

Nikaikunja barua, nikaitia daftarini. Kesho asubuhi wanampeleka Mbeya, na akishafika huko, nani atamfuata? Nikisema, Baba mdogo ataaibika mbele ya nyumba zake kumi, atanirudisha huko na sanduku langu, na shule itakuwa imekwisha. Na bado, Dada, nusu yangu inauliza, reli aliipiga ya nini? Sijui. Labda kwa mengine ni mwongo. Kwa hili la mkanda mwongo ni mimi.

Msalimie Mama. Msalimie Kaka Ambakisye, mchunga ng'ombe wetu, na shangazi wa kwaya. Bibi mwambie amecheka vizuri, hata fundi wa Dar es Salaam kaona.

Nasikia viatu vya Baba mdogo uani, karudi kutoka mkutanoni. Toka nianze kuandika, kila mtu akipita naisukuma karatasi hii chini ya daftari la jiografia. Sasa nimeiacha juu ya meza, na barua ya fundi kando yake, nimeipigia mstari ile sentensi niliyoimeza. Ikikufikia na alama za vidole vya watu wengine, ujue waliisoma kabla yako, na mimi ndiye niliyewapa.

Mdogo wako,
Atupele